Kigoma mpaka Guangzhou, usihesabu masaa ya angani tu

Juzi kaka mmoja wa Kasulu kaniandikia inboksi: "Dada, nimegugo, Kigoma mpaka Guangzhou kule China ni kilomita 9,600 hivi, ndege inakimbia 900 kwa saa, kwa hiyo kama masaa 11. Nikitoka Jumatatu asubuhi, Jumanne asubuhi niko sokoni?" Nilivyosoma niliumia kweli, maana hesabu hiyo hiyo ndio niliyouziwa mimi.

Ndugu yangu, huo ni mstari ulionyooka na hakuna ndege inayoufuata. Sisi wa Kigoma tunaanza na pangaboi, ile ndege ndogo ya mapanga, mpaka Dar, kilomita kama 1,080 angani (reli ni 1,254), masaa 2 hivi, ikipitia Tabora au Mpanda yanaongezeka. Hapo ndio unapanda Dreamliner, ndege kubwa ya masafa marefu, kilomita 8,700 nyingine, kama masaa 10. Kurudi huwa ni zaidi kwa sababu huko juu Asia upepo unavuma kwenda mashariki, ukienda unakusukuma, ukirudi ndege inapambana nao.

Sasa mimi safari ya kwanza dalali alinikatia tiketi 2 tofauti, akaniambia dada usiwe na presha nimekuachia masaa 3 Dar. Ya Kigoma ikachelewa. Tukatua, nikasubiri begi, nikatoka Terminali 2 na mizigo yangu kukimbilia Terminali 3, nafika kaunta imeshafungwa na kwenye skrini naona ndege bado haijaruka. Nililia pale pale. Ile hela ilikuwa mtaji wa vitenge nilioukusanya kidogo kidogo sokoni Mwanga, na yule dalali hajapokea simu yangu mpaka leo. Tiketi zikiwa mbalimbali, shirika la pili halina deni na wewe hata kama kosa ni la shirika la kwanza. Ingekuwa tiketi moja wangenipandisha ndege inayofuata bila kunidai nauli upya.

Sikukata tamaa. Leo wateja wangu wanavuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, kufuata mzigo, na Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, nazunguka bila mwenyeji. Kwa hiyo nikisema kitu nisikilizeni jamani, nimekilipia.

Kata tiketi moja mpaka mwisho. Ikishindikana, lala Dar, gesti ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kununua tiketi upya. Ndege za Kigoma hazifuatani kama daladala za Ujiji, ikikuacha au ikichelewa hakuna nyingine nyuma yake.

Halafu saa. China wako mbele yetu masaa 5. Ukiruka Dar saa 4 asubuhi, ukikaa angani masaa 10, kwetu ni saa 2 usiku ila kule ni saa 7 usiku na tarehe imeshabadilika, kwa hiyo hoteli bukisha kwa tarehe ya kule. Na tiketi ikiandika 01:00 tarehe 12, ujue unatakiwa uwe eapoti jioni ya tarehe 11, ukija jioni ya 12 ndege ilishaondoka zamani.

Kaka wa Kasulu, ukitoka Jumatatu panga kuingia sokoni Jumatano, na barabara ya kuja Kigoma mjini uihesabu pia. Kabla hujalipa nitumie hiyo ratiba niangalie unatua Dar saa ngapi.