Cheti bila mtihani wa mwisho: je, ni halali?

SWALI: Mhariri, mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mpwa wangu aliyekuwa akisoma New York alihitimu sekondari bila kufanya mitihani ya jimbo iliyokuwa imebaki, ilhali mwanangu, aliyekuwa kidato cha sita hapa Mbeya, aliitwa shuleni Juni na kufanya mtihani kama kawaida. Sasa mpwa wangu anataka kusoma chuo kikuu hapa nchini. Je, cheti chake ni halali? Na kwa nini watoto wetu hawakusamehewa? – Mzazi, Tukuyu

JIBU: Ndugu mzazi, cheti hicho ni halali. Jimbo la New York lilifuta mitihani yake ya Regents ya Juni 2020 na kuamua kwamba mwanafunzi aliyefaulu somo darasani asidaiwe mtihani wa somo hilo. Kilichosamehewa ni mtihani. Somo lilibaki palepale. Tena mitihani hiyo hufanywa kidogo kidogo katika miaka minne ya sekondari, hivyo aliyekuwa mwaka wa mwisho kwa kawaida alikuwa amekwisha kuifanya mingi kabla ya korona kuingia.

Kwetu, msamaha wa namna hiyo ungewaacha vijana mikono mitupu, kwa kuwa cheti cha kidato cha sita hutolewa na Baraza la Mitihani kwa matokeo ya mtihani wenyewe, na matokeo hayo ndiyo yanayotazamwa na vyuo vikuu. Ndiyo maana serikali iliahirisha badala ya kufuta: shule zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarejea Juni 1, na mtihani ukaanza Juni 29. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Hata hivyo, inaniuma kwamba kukaa nyumbani hakukuwa sawa kwa wote: kijana wa Mbeya mjini mwenye umeme na simu aliweza kujisomea hadi usiku, wakati mwenzake wa kijijini Makete alishinda kwenye shamba la viazi, akiwa na yale madaftari tu aliyotoka nayo bwenini. Wiki nne za masomo hazikutosha kuziba pengo hilo.

Mpwa wako aiombe shule yake orodha kamili ya masomo na alama zake, inayoonyesha pia mitihani aliyosamehewa, kisha aiwasilishe pamoja na cheti kwa Baraza la Mitihani ili apate ulinganifu, yaani uthibitisho wa cheti chake kinalingana na kipi cha hapa nchini. Asisubiri dirisha la udahili lifunguliwe.