Patakatifu hupatikanaje?

Swali la wiki lilikuwa: nyumba ya ibada hupata utakatifu lini, jiwe la msingi linapowekwa au siku ya kubarikiwa? Kwa sheria ya Kiyahudi, si siku hiyo wala hiyo. Nyumba iliyojengwa na kutengwa iwe sinagogi haina utakatifu mpaka watu wasali ndani yake.

Hata lile hema la ibada la Waisraeli jangwani, kitabu cha Kutoka 25:8 hakisemi Mungu atakaa ndani yake. Kinasema "kati yao", yaani kati ya watu. Kazi ilipokwisha, Musa aliikagua yote, kisha akawabariki watu walioifanya (39:43).

Tazameni pia hesabu ya michango ya hema hilo. Kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli, kipimo cha uzito wa fedha; tajiri hakuruhusiwa kuzidisha wala maskini kupunguza. Wanaume 603,550 wakatoa shekeli 301,775, yaani talanta 100 na shekeli 1,775 (talanta moja ni shekeli 3,000). Zile talanta zikasubiwa vitako 100 vya fedha, yaani vikalio vya chini: 96 vya kushika mbao 48 za kuta, 4 vya nguzo za pazia. Kwa hiyo kuta zote zilisimama juu ya mchango wa kila mtu, sawa kwa sawa. Dhahabu na vitambaa vililetwa kwa hiari, mpaka Musa akatangaza watu waache kuleta. Kamati nyingi hupindua utaratibu huu: msingi wanamwachia mfadhili mmoja, waumini wanaombwa mapazia na viti. Mfadhili akijitoa, jengo hukwama kwenye lenta, na waumini hawana uchungu nalo kwa kuwa halikuwa lao tangu mwanzo.

Kosa jingine ni la mchoro. Kabati la Torati, linalotunza magombo yake ndani ya sinagogi, huwekwa upande wa Yerusalemu. Kwa Wayahudi wa Ulaya huo ni mashariki, na ramani zao hunakiliwa hivyo hivyo. Ukiwa Nairobi au Mbale, Yerusalemu iko karibu kaskazini kabisa, kama kibla ilivyo kwa Waislamu wa Mombasa. Shikeni dira kabla ya kuchimba msingi. Ukuta ukishapanda haugeuziki.

Sinagogi ya zamani isivunjwe kabla mpya haijakamilika, maana likitokea la kutokea jumuiya itabaki bila pa kusali. Ikiwa kuta zina nyufa za kutisha, ivunjwe, na ujenzi uanze papo hapo, usiku na mchana.

Mezuza, yaani maandiko ya Torati yanayopachikwa mlangoni, iwe ya ngozi, imeandikwa kwa mkono. Karatasi ya kuchapwa haifai. Hupachikwa kwenye mwimo wa kulia wa anayeingia, mwanzo wa theluthi ya juu. Sinagogi asimolala mtu haina wajibu wa mezuza, ndiyo maana wengi huipachika bila kusoma baraka yake.

Siku ya kufungua, magombo ya Torati huletwa chini ya kitambaa kilichoinuliwa kwa miti minne, kwa nyimbo, na Zaburi ya 30 husomwa. Hotuba ziwe fupi. Zikirefuka, watu huondoka kabla ya sala ya alasiri, na sala hiyo ndiyo inayoifanya nyumba kuwa sinagogi. Inahitaji watu wazima 10, kwa hiyo wahesabuni hao kabla ya kutangaza tarehe.