Kuta za mbao zinazofanana na plastiki

Ndugu, nimekuelewa: nyumba uliyojenga katika ulimwengu pepe (wa kwenye kompyuta) ni ya mbao, lakini kuta zinang'aa kama plastiki na maungio ya picha ya mbao inayojirudia ukutani yanaonekana waziwazi.

Anza na picha ya mbao uliyoipiga mwenyewe. Piga picha ya ubao halisi siku ya mawingu, bila flashi, kamera ikiutazama moja kwa moja. Kivuli kikishaingia hakiondoki kirahisi. Ikate picha iwe mraba wa pikseli 1024 kwa 1024, au 512 kwa vitu vidogo. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, isogeze nusu ya upana na nusu ya urefu, kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili, ili kingo zije katikati, kisha ufute mshono kwa brashi ya kunakili. Hapa usiharakishe. Futa na kila kifundo kinachovuta macho, maana kikijirudia mara kumi ukutani, jicho linajua mara moja.

Mistari ya mbao ifuate urefu wa kipande: nguzo wima, boriti mlalo. Mimi nililikosea hili kwa muda mrefu. Mng'ao wa kuta, ule unaofanana na plastiki, nao upunguze.

Ukichukua picha za wengine, soma leseni kwanza. Kama nyumba ni ya kuuza na leseni haieleweki, muulize mwanasheria wa hakimiliki.