Kamera ya USB haionekani kwenye Linux

Pole ndugu. Umesema programu inadai hakuna kamera; usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kamera isipokuwemo kwenye orodha, shuku waya au tundu: ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Ikiwemo, andika sudo dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, uone kama uvcvideo, kiendeshi cha kamera nyingi za USB, kimetoa kosa lolote.

Hapa ndipo wengi hukwama: kamera moja mara nyingi huleta faili mbili za kifaa, /dev/video0 na /dev/video1, na ya pili huwa haina picha kabisa. Kwenye programu yako, chagua ya kwanza. Funga pia programu nyingine inayotumia kamera, maana ikiishikilia, yako haitapata kitu. Tuandikie lsusb imeonyesha nini.