Jibu: Redio kukoroma mchana baada ya kufunga sola

Mkuu, kama kelele inakuja jua likiwaka na kuisha likizama, shuku chaja kontrola kwanza (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), hasa ya MPPT, ile inayotafuta pointi ambapo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi. Thibitisha hivi: chukua redio ndogo ya betri, iweke AM pasipo na stesheni, kisha zima inveta. Ikiendelea kukoroma, shusha breka ya paneli (usianze na ya betri, unaweza kuunguza kontrola). Ikinyamaza, umempata mchawi.

Nyaya ndefu za paneli zilizoachana juu ya bati ndizo antena inayorusha kelele ya kontrola. Zisokote pamoja, halafu zungusha zote mbili, chanya na hasi, mara 6 hadi 8 kwenye ringi moja ya feraiti (pete ya sumaku inayozuia kelele za redio) aina ya 31, karibu na kontrola. Ukizungusha mmoja tu, feraiti inashiba sumaku na haizuii tena kelele, umetupa hela. Nyaya za betri pia zifanyie hivyo.