Jibu: Kihispania na historia pamoja, inalipa?

Mdogo wangu umeuliza kama Kihispania na historia vinaenda pamoja chuoni au utajichanganya tu, mimi nilizisoma zote mbili na nakwambia vinaenda, ila watu watakucheka, mjomba wangu hapa Ujiji mpaka leo ananiuliza hicho Kihispania nitaongea na nani, na dagaa?

Sasa angalia. Aprili 1965 Che Guevara, yule mwanamapinduzi aliyepigana Kyuba, alipita hapahapa Kigoma na wapiganaji wake Wakyuba akavuka ziwa usiku kwenda kusaidia waasi wa Kongo, Novemba akarudi kimya kimya, na wale Wakyuba walijipa majina ya namba za Kiswahili, yeye mwenyewe akiitwa Tatu. Kumbukumbu zake za huko kaandika kwa Kihispania. Siku nimesoma ukurasa wenye neno Kigoma bila kushika kamusi, aisee, niliacha chai ikapoa.

Lugha yenyewe matamshi yake mepesi kwetu, irabu tano zilezile, meza wanaita mesa, sukari ni azúcar, yote mawili yametoka Kiarabu, maana Waarabu walikaa Hispania toka 711 hadi 1492, hapo historia ishaingia bila kukaribishwa. Kinachoua ni vitenzi, kila nafsi na mwisho wake, hapo utalia kidogo.

Mwaka wa kwanza usichukue masomo mengi ya historia, insha zinakula muda wa kukariri vitenzi. Na Guinea ya Ikweta usiisahau, koloni la Hispania mpaka 1968, mada ya utafiti ipo wazi kabisa pale.