Chakula cha Honolulu kwa Watu Wawili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tutakaa Honolulu, Hawaii, siku nne. Tutawezaje kula chakula cha wenyeji bila kumaliza akiba yetu?

JIBU: Iacheni mikahawa ya ufukweni Waikiki, mtembee hadi Rainbow Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1961, mkaagize sahani moja yenye mabonge mawili ya wali, saladi baridi ya makaroni na kitoweo cha nyama, ambayo mara nyingi huwatosha wawili. Mlo huu ulitokana na vibarua wa mashamba ya miwa, Wajapani, Wachina, Wafilipino na Wareno, na ndiyo maana napenda wageni wauonje kabla ya kingine chochote. Siku ya pili gawaneni loco moco: wali moto, juu yake nyama ya kusaga iliyokaangwa, kisha yai ambalo kiini chake, likichomwa kwa uma, huteremka polepole na kuchanganyika na mchuzi mzito wa kahawia. Poi, yaani magimbi yaliyopikwa na kupondwa, huwa na uchachu kidogo. Ionjeni pamoja na kitoweo chenye chumvi. Ikiwa hamli nguruwe, ulizeni kwanza, kwani laulau, chakula cha Kihawaii kinachofungwa kwa majani ya magimbi, kwa kawaida huwa na nyama hiyo.